Haki Ndiyo Mzazi wa Utii



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo lililobishaniwa sana vibarazani: kwa nini watu wengi walivunja amri zilizowekwa ili kuwaokoa na maradhi ya korona?

Mgonjwa wa kwanza alijulikana katika Kenya tarehe 13 Machi, 2020. Tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Siku ile ile, kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakirejea makwao kutoka kazini walipigwa na kutupiwa moshi wa machozi kabla saa yenyewe haijatimia. Mwezi wa Aprili Mahakama Kuu iliamua kwamba amri ile ni halali, lakini nguvu walizotumia polisi zilivunja Katiba. Uamuzi huo umetenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: sheria, na namna ya kuitumia.

Tena, asiyevaa barakoa aliweza kutozwa faini hata shilingi 20,000, au kufungwa miezi 6. Kwa mwenye mshahara hilo ni tishio. Kwa kibarua alaye alichochuma leo ni maangamizi. Naye aliyeambiwa akae nyumbani aliwaona wakubwa wakikusanya umati viwanjani, hata Novemba 2020 mikutano ya siasa ikasimamishwa kwa siku 60. Kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hata hivyo, hatusemi kwamba uasi ulikuwa dawa. Maradhi hayaulizi nani amedhulumiwa. Aliyevua barakoa kwa kumkasirikia askari hakumdhuru askari. Alimhatarisha mama yake mzee nyumbani. Lakini utii wa rungu hukoma askari akigeuka. Utii wa haki hudumu hata gizani.

Basi, likija gonjwa jingine, twaomba chama hiki kifanye mambo matatu. Kwanza, wazee wetu wawaendee wakuu wa serikali mapema, wawaeleze hali za watu kabla ya amri kutolewa. Pili, mfuko wetu wa misaada uwapelekee vibarua unga kabla njaa haijawatoa nje. Tatu, sisi tulio mbele tuwe wa kwanza kutii, ili yeyote asipate kusema kwamba sheria ni ya wanyonge peke yao.