Mtaalamu wa Mwenye Nyumba: Maneno ya Katibu kwa Wanachama



Wengine wamekwisha sema juu ya kahawa na mizani. Sisi tumeombwa kusema juu ya ghala. Kwa miaka hii kumi Chama chetu Kikuu hakijapata kujenga ghala lake mjini, tumekuwa wapangaji. Mkataba tuliotia sahihi ulikuwa na sentensi moja ambayo, twakiri, hatukuipima vema: kwamba gharama za matengenezo zitakazomwangukia mpangaji ni zile atakazozithibitisha mtaalamu aliyeteuliwa na mwenye nyumba, na neno lake litakuwa la mwisho.

Mwaka wa nne paa lilibadilishwa. Ikatujia hati ya mtaalamu yenye hesabu ya kushtusha. Tulipoomba kuona stakabadhi za mabati na malipo ya mafundi, tulijibiwa kuwa hati yatosha. Tukalipa. Fedha zile zilitoka katika malipo ya pili ya wakulima, na wengi mlioketi hapa mnaukumbuka msimu ule.

Tusidhani tumeonewa peke yetu. Huko Uingereza, kampuni yenye duka mjini Liverpool ilidaiwa na mwenye jengo zaidi ya paundi 400,000 za huduma. Mkataba wao ulisema hati ya mwenye jengo hukata maneno, isipokuwa pawe na kosa la wazi, kosa la hesabu, au udanganyifu. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpangaji alipe kwanza, kisha ndipo adai kurudishiwa asichostahili kulipa. Jaji mmoja kati ya watano alipinga. Kulipa kwanza! Kampuni kubwa yaweza kungoja. Mkulima mwenye mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya ada hawezi.

Lakini mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo hiyo ilikataa hati ya wakala, ilipodhihirika kwamba wakala na mwenye nyumba ni mtu mmoja. Mthibitishaji, walisema majaji, hana budi kuwa mtu mwingine.

Yafaa pia tutofautishe mtaalamu na mwamuzi. Mwamuzi husikiliza pande mbili na ushahidi wao. Mtaalamu hutumia ujuzi wake mwenyewe, na kwa sheria ya huko, maadamu amefanya kazi aliyoagizwa bila hila, ni shida kulitangua neno lake hata akikosea. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2016 yataka wathamini wasajiliwe. Ni jambo jema, ila usajili huonyesha elimu ya mtu. Hauonyeshi anakula kwa nani.

Sasa mkataba wetu unakwisha. Halmashauri yapendekeza mtaalamu ateuliwe kwa mapatano ya pande zote mbili, stakabadhi zionyeshwe kabla ya malipo, na penye ubishi tulipe tu sehemu isiyobishaniwa hadi mwamuzi aseme. Mwenye nyumba ametujibu kwamba wapangaji wengine wapo. Huenda ni kweli, na mavuno yako karibu. Kwa hiyo hatutaki kuamua peke yetu. Nakala ya mkataba mpya imepelekwa kwa kila chama cha msingi. Twaomba makatibu waisome kwa sauti mbele ya wanachama, kifungu cha mtaalamu wakisome mara mbili, na wajumbe waje katika Mkutano Mkuu na jibu.