Jani Lisilo na Jina: Mbuyu katika Chakula na Tiba, Karatu na Ngorongoro

Mtu atokaye mjini Karatu kwenda Mang'ola huyaacha mashamba ya ngano na kahawa ya nyanda za juu, akateremka hadi bonde la Ziwa Eyasi, lililo mita 1,000 na ushei juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko kwenye mibuyu. Kreta ya Ngorongoro, ambayo sakafu yake tu i karibu mita 1,800, ina baridi isiyoufaa mti huu. Sehemu za chini za Hifadhi, zipakanazo na Eyasi, ndizo zenye joto lake.

Bonde hilo ni maarufu miongoni mwa wanaisimu. Kihadza hakina ndugu anayejulikana kwa yakini. Kiiraqw ni cha Kikushi. Kidatoga na Kimaasai ni vya Kinailoti. Kiisanzu ni cha Kibantu. Wasemaji wa lugha hizi wakutanapo gulioni, husemezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo kile ambacho Kiswahili hakikukipa jina hupita sokoni bila kutajwa vizuri.

Hebu litazamwe jambo lenyewe. Mti ni mbuyu. Tunda lake, na kifuu chake kitumikacho kuchotea maji, ni buyu. Nyama yake nyeupe yenye ukakasi ni ubuyu. Viambishi vya ngeli vimefanya kazi yao kwa ustadi. Jani, hata hivyo, limebaki kuwa "jani la mbuyu" tu. Haikosi kushangaza, kwani muhogo na kiazi kitamu ni wageni kutoka Marekani ya kitropiki, na bado majani yao yalikwisha kupewa majina, kisamvu na matembele, kwa sababu yaliingia chunguni. Katika Kihausa, neno kuka hutaja mti na pia unga wa majani yake, na mchuzi wake ni miyar kuka. Wawolofu wa Senegali huuita unga huo lalo. Hata Linnaeus, alipoupa mti huu jina la kisayansi Adansonia digitata mwaka 1759, alilitazama jani: digitata ni "lenye vidole", kwa vile jani pevu hugawanyika vipande vitano hadi saba kama kiganja.

Ukosefu wa jina una madhara yake. Sifa za ubuyu hubandikwa kwenye jani, na za jani kwenye ubuyu, hasa na wauzaji wa unga. Vitamini C nyingi imo katika ubuyu. Jani lina protini, kalsiamu kwa wingi, chuma, na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Viini hivyo huharibiwa na jua: majani yaliyokaushwa kivulini hubaki navyo karibu maradufu ya yale yaliyoanikwa juani. Tena huhitaji mafuta ili mwili uvipokee, ndiyo maana mboga hii hufaa kuungwa kwa karanga au ufuta. Chuma cha majani nacho hupokelewa kwa shida, ila kikiandamana na kitu chenye vitamini C. Mti uleule, basi, unatoa mboga na pia ukakasi wa kuisaidia mboga hiyo. Lakini mpishi atajuaje ikiwa vyote viwili ameuziwa kwa jina moja la "unga wa mbuyu"? Ugogo, ambako majani machanga huchumwa mvua zianzapo, yakapikwa yakiwa mabichi au yakakaushwa ya akiba, swali hili halina haja ya kuulizwa.

Kuhusu tiba, kauli zihitaji kupimwa. Katika nchi nyingi za Afrika majani ya mbuyu yametumika kwa kuhara, homa, pumu, maradhi ya figo, kuzuia jasho, na kukandwa penye uvimbe au alipouma mdudu. Utelezi wake walifanya liwe laini kwa tumbo na ngozi. Hayo ni matumizi. Uthibitisho wa kitabibu ni jambo jingine, na kwa sehemu kubwa ungali haba. Neno "homa" lenyewe huleta hatari, maana ndani yake mmejificha malaria, ambayo mgonjwa wake apaswa kupimwa na kupewa dawa zahanati.

Lakini hatari kubwa zaidi si ya msamiati. Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2008 kuingizwa kwa ubuyu kama chakula kipya. Ruhusa hiyo ilihusu nyama ya tunda, si jani. Soko la jani likikua nalo Eyasi, litaligharimu tunda, kwani mbuyu unaokatwakatwa matawi kwa ajili ya majani huzaa kidogo. Kwa Wahadzabe, ambao ni watu wapatao elfu moja na zaidi kidogo, ubuyu si kiburudisho cha watoto wa shule; ni chakula kikuu cha miezi mingi, na mbegu zake hutwangwa zikaliwa. Wakati huohuo mashamba, yakiwemo ya vitunguu ya Mang'ola, yamezidi kuingia katika ardhi yao. Nchini Mali mbegu za mbuyu husiwa kwenye matuta kwa karibu, kama mchicha, na majani huvunwa kwenye miche ingali mifupi, bila kupanda juu ya mti wowote. Maji ya chemchemi yanayonywesha vitunguu vya Mang'ola yangetosha kunywesha matuta machache ya namna hiyo.