Kuwasifu Wenzetu

Leo tutafakari habari za mzee mmoja aliyestahili heshima, naye hakupewa kwa wakati wake.

Huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia. Walio bora kabisa huchaguliwa kwa kura, na majina yao huwekwa katika Jumba la Mashujaa, mjini Cooperstown. Wako wengi waliocheza vizuri miaka mingi, lakini kura hazikutosha.

Mmoja wao alikuwa Buck O'Neil, mtu mweusi aliyezaliwa Florida mwaka 1911. Siku za ujana wake weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu; walicheza katika ligi zao wenyewe. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1947, yeye alikuwa amekwisha kutimiza miaka 35. Mwaka 1962 timu ya Chicago Cubs ilimfanya mkufunzi, mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika ligi kuu. Hata uzeeni alizunguka akisimulia habari za wachezaji wenziwe, wasije wakasahauliwa.

Mwaka 2006 kamati maalum ilichagua watu 17 wa besiboli ya weusi. Wote walikuwa wamekwisha kufa. Mzee O'Neil, aliyekuwa hai, hakuchaguliwa. Rafiki zake walisikitika sana. Lakini yeye, akiwa na miaka 94, alikwenda Cooperstown, akasimama mbele ya umati, akasema kwa niaba ya wale 17. Hakunung'unika. Aliwaomba watu washikane mikono, wakaimba pamoja naye. Oktoba mwaka huo huo akafariki. Alichaguliwa mwaka 2021, na jina lake likaingizwa mwaka 2022.

Wapendwa, tujiulize maswali mawili. Jina letu lisiposomwa, je, tutaweza kusimama na kuyasoma ya wenzetu kwa furaha? Na sisi tunaopewa kazi ya kuchagua na kushukuru, kwa nini tungoje mpaka mtu awe kaburini? Maua ya jeneza hayanuswi na marehemu. Yuko mzee karibu nasi aliyefanya kazi njema bila kutajwa. Leo, kabla jua halijatua, twende tukamwambie asante.