Barua Pepe Ikirudi, Isome

(Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti na wakazi mjini Voi)



Tuchukue mfano. Kijana wa Kasigau anakuja saiba hapa Voi, anatuma ombi la basari kwa barua pepe. Anakosea herufi moja ya anwani. Anapanda matatu kurudi nyumbani akijua kazi imekwisha, na siku ya mwisho inapita. Hakuna aliyemnyima, ombi halikufika. Taarifa ya kumwambia hivyo imo ndani ya sanduku lake, lakini hakuifungua kwa sababu ilifanana na takataka.

Taarifa hiyo hutoka kwa seva, yaani kompyuta inayopokea na kusambaza barua. Seva ikishindwa kufikisha barua, humwandikia mtumaji kumjulisha. Huo ni utaratibu mzuri. Shida huletwa na matapeli wanaotuma barua taka kwa maelfu wakitumia anwani za uongo. Seva ikizipokea kwanza na kugundua baadaye kwamba wenyewe hawapo, huandika taarifa za kurudisha ambazo nazo hazina pa kwenda. Zinapanga foleni na seva inajaribu tena na tena. Programu ya Postfix, inayotumika kwenye seva nyingi, isipobadilishwa mipangilio hujaribu kwa siku 5.

Hasara ni mbili. Barua za kweli huchelewa katika foleni hiyo. Pili, taarifa nyingine humwangukia mtu asiye na hatia ambaye anwani yake iliibwa, na seva za nje huanza kuiona seva yetu kama ya matapeli. Hapo hata jibu halali kwa mkazi hutupwa kwenye barua taka.

Tiba ni kukagua mlangoni. Seva iwe na orodha ya anwani zilizopo, na isiyokuwemo ikataliwe papo hapo kabla ya kupokelewa. Taarifa za kurudisha zipunguziwe muda wa kungoja, kwa mfano siku 1, bila kugusa muda wa barua za kawaida. Afisa akihamishwa, anwani yake ielekezwe kwa aliyeshika nafasi yake. Kufuta foleni yote kwa mkupuo si tiba, maana ombi la mtu huenda limo humo.

Hiyo ni kazi ya wataalamu. Yetu sisi wakazi ni hii:

Kwanza, nakili anwani herufi kwa herufi kutoka kwenye tangazo, na urudi kukagua sanduku lako kabla ya siku ya mwisho.

Pili, taarifa ikirudi, tafuta namba. Inayoanza na 4 ina maana ya shida ya muda, na seva itajaribu tena. Inayoanza na 5 ina maana imekataliwa kabisa. 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, 5.2.2 ni sanduku lililojaa. Rekebisha, utume upya, au fika ofisini.

Tatu, futa vitu vizito sandukuni. Gmail hutoa GB 15 bila malipo, pamoja na picha na faili zako. Zikijaa, jibu linalokuja kwako litarudishwa.

Nne, ukipokea taarifa za barua ambazo hukutuma, usifungue viambatisho. Badilisha neno la siri, hasa ikiwa ulisahau kutoka kwenye akaunti pale saiba.

Ndugu zangu, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi lako. Lakini siku hizo huhesabiwa kuanzia ombi lilipopokelewa. Lililorudi njiani halijaanza kuhesabiwa.

Kwa hiyo ukituma, hakikisha imefika. Nasi tulio ofisini tuhakikishe mlango uko wazi kwa mwananchi na umefungwa kwa tapeli.