Shamba la Nabothi na Nyanya Yetu

Somo: 1 Wafalme 21:1–16



Hivi karibuni vijana wa kanisa hapa Homa Bay walituonyesha sinema ya Kenya iitwayo The Letter, ya mwaka 2019, kazi ya Maia Lekow na Chris King. Wakristo wenzetu wa Migori walikuwapo pia. Ni habari ya kweli ya jamaa moja ya Pwani. Kijana yuko mjini, anasikia nyanya yake ameitwa mchawi katika Facebook. Anarudi kijijini na kukuta wazee wengi wakishtakiwa hivyo na jamaa zao wenyewe, na nyuma ya mashtaka kuna tamaa ya mashamba.

Twakiri kwamba tulitoka tumevunjika moyo. Tulitumaini kuona kanisa likiwa kimbilio la nyanya. Badala yake tuliona dini yetu imechanganywa na kupenda mali, ikiwatenga watoto na wazee wao. Mama mmoja akauliza, "Mchungaji, kwa nini watuaibishe hivi?"

Lakini je, ni sinema iliyotuaibisha? Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, kwa majirani zetu, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Na hapa kwetu ziko nyumba ambamo baba akifa, mjane hunyoshewa kidole kabla matanga hayajaisha, kwa kuwa kuna shamba la kugawanywa. Sisi wachungaji tumeketi katika matanga hayo, tukala, tukanyamaza.

Mkumbukeni Nabothi. Yezebeli hakuanza na mawe. Alianza kwa kuwatangazia watu mfungo. Mashahidi wawili wa uongo wakasema Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kulitwaa shamba la mizabibu. Mfungo ulikuwapo, jina la Mungu lilikuwapo, haki haikuwapo.

Basi, ukiletewa neno baya juu ya mzee, hata likiletwa katika maombi, uliza kwanza: huyu akiondoka, nani atachukua shamba? Kisha juma hili nenda kwa dani wako, uketi naye, mnywe uji pamoja, majirani wakiona.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kunyamaza kwetu. Utupe ujasiri wa kusimama mlangoni pa mzee anayeshtakiwa bure. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.