Kila Programu na Daftari Lake



Anayeripoti wizi katika kituo cha polisi hupewa nambari ya OB. Nambari hiyo ndiyo ushahidi kwamba malalamiko yake yalipokelewa. Huduma za mtandaoni nazo zina OB yao: daftari la matukio, ambamo kompyuta huandika ni nani aliingia, ombi gani lilipokelewa na hitilafu gani ilitokea.

Ili kupunguza gharama, seva moja huweza kubeba programu kadhaa. Chukulia moja ni ya vibali vya biashara, nyingine ya ada za maegesho, na ya tatu ya miadi ya hospitali. Zikiwa zimeandikwa kwa Java na kuendeshwa pamoja, mfumo wa daftari unaokuja na Java huwa na mpangilio mmoja kwa zote. Fundi wa maegesho akiagiza yaandikwe makosa makubwa pekee, programu ya vibali nayo hunyamaza. Mwenye kibanda aliyelipa asipate kibali hufika ofisini, na hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha ombi lake. Wakati huohuo, majina ya wagonjwa huweza kuangukia katika faili inayosomwa na mtu wa maegesho.

Dawa ipo. Apache Tomcat, programu huria inayotumika kuendesha huduma za aina hii, ina mfumo wa daftari uitwao JULI unaotenganisha programu. Kila programu huwekewa faili yake ya logging.properties ndani ya folda yake ya WEB-INF/classes. Humo hupangwa kiasi cha kuandikwa na mahali pa kukihifadhi. Kisha ruhusa ya kusoma kila daftari ipewe wahusika pekee, na nambari za siri zisiandikwe kamwe.

Jambo hili linagusa sheria pia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, data za watu zikifikiwa bila idhini na kuwepo hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Madaftari yakiwa yamechanganyika, saa hizo huisha kabla ya kujulikana ni nani ameathirika.

Mkazi naye ana sehemu yake: ahifadhi ujumbe wa malipo na kuandika tarehe na saa ya tatizo. Hapo ndipo fundi huanzia kutafuta.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.