Muuguzi Kwanza, Kishikwambi Baadaye

(Maelezo ya idara yetu ya afya kwenye mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Kwa miaka mingi tumekuja mbele yenu kuwaombea watoto waliokonda. Kazi hiyo haijaisha. Lakini leo tunawaletea habari za watoto walio upande wa pili wa mizani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2022 watoto milioni 37 wa umri chini ya miaka 5 walikuwa na uzito uliozidi. Wa miaka 5 hadi 19 walikuwa zaidi ya milioni 390, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene uliokithiri. Unene huo huleta hatari ya kisukari na shinikizo la damu.

Katika zahanati zetu tatizo hili linajificha. Mtoto akishatimiza miaka 5, kadi ya kliniki huwekwa sandukuni, na hapimwi tena mpaka augue. Isitoshe, mtoto mnene husifiwa kuwa ana afya na kwao wanakula vizuri. Muuguzi akisema kinyume, huonekana anamtukana mzazi.

Tukiri kwamba tulianza vibaya. Tulinunua vishikwambi, mafunzo tukayaacha baadaye. Vikajaa vumbi kabatini. Wauguzi walituambia wazi kuwa waliogopa kuviharibu, na hawakujua waanzeje mazungumzo na mzazi.

Sasa tumegeuza utaratibu. Kwanza, muuguzi anajifunza kupima uzito na urefu kwa usahihi, maana kipimo kibaya huzaa jibu baya. Pili, anaingiza vipimo kwenye kompyuta ya zahanati, katika programu ya AnthroPlus, ambayo WHO huitoa bure kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 19, kisha anasoma mchoro wa ukuaji. Tatu, na hapa ndipo penye ugumu, anajifunza kuzungumza. Kwenye kishikwambi anamwonyesha mzazi picha ya soda ya mililita 300 na vijiko vya chai vya sukari vipatavyo 8 vilivyomo. Halaumu, wala hamwaibishi mtoto. Anauliza, "Mama, wiki hii tuanze na kipi?" Pengine ni maji badala ya soda, tunda badala ya chipsi, au kucheza nje saa 1 kila siku. Picha na video zimehifadhiwa humo humo, hivyo intaneti ikikosekana somo linaendelea.

Ndugu wanakamati, tunaomba mumfungulie muuguzi milango ya shule za parokia, na mtazame kinachouzwa langoni na kinachogawiwa watoto kwenye sherehe zetu. Ndugu wafadhili, msituulize tu tumenunua vishikwambi vingapi. Tuulizeni ni wauguzi wangapi wanavitumia, na mtusaidie kulipia siku za mafunzo na safari za kuwafuatilia vituoni. Chombo bila mtu aliyefundishwa ni pambo tu.